Siku Kengele Ilipobatizwa

Kengele ilivuka Lualaba juu ya mitumbwi miwili iliyofungwa pamoja, na nusu ya Kindu ilishuka mtoni kuitazama. Wagenya, wavuvi wa mto ule, waliopiga makasia hawakuimba siku hiyo. Walikuwa wanakiangalia kile kitu kilichofunikwa kwa turubai katikati yao, na kila maji yalipocheza walishika pumzi, kwa sababu kama kingeangukia upande mmoja, wote wangekwenda nacho chini.

Mbele ya watu wote alisimama Bruno, katekista wa misioni, amevaa kanzu nyeupe na viatu. Bruno hakuzaliwa Kindu. Mapadri wa ziwani walimkomboa kutoka msafara wa watumwa alipokuwa bado mtoto, wakamfundisha kusoma, wakamwozesha binti aliyelelewa na masista, kisha wakamleta huku kumsaidia Padri Florentin. Kanisa la matofali lilikuwa limekwisha. Kulikosekana kengele tu, na sasa bibi mmoja tajiri wa Ulaya alikuwa ameitoa zawadi.

Nyampara wa msafara, mtu mwenye sauti ya kukauka aliyeitwa Bulaimu, aliruka majini kabla mtumbwi haujagusa mchanga.

"Njia ilikuwa muzuri?" Bruno alimuuliza.

"Njia ni njia, Bwana Katekista. Hii kitu ni muzito kupita pembe zote nilizowahi kupeleka."

Wapagazi walishuka nyuma yake mmoja mmoja. Mabega yao yalikuwa na vidonda, na baadhi yao walikaa chini palepale bila kuambiwa. Mwanamke mmoja alipita katikati yao akitazama nyuso. Alikuwa Hawa, wa mtaa wa Waungwana, watu wa Kiislamu ambao baba zao walifuatana na wafanyabiashara wa pwani. Tangu Bula Matari, yaani Serikali ya wazungu, iwashinde Waarabu vitani, wanaume wa mtaa ule ndio waliokamatwa kwanza kila mzigo ulipotaka mabega. Zuberi, mume wa Hawa, alichukuliwa akiwa shambani kwake, anapalilia mpunga.

"Zuberi iko wapi?" Hawa alimuuliza nyampara.

"Iko nyuma, mama."

"Nyuma wapi? Mitumbwi yote imevuka."

"Nyuma," alisema Bulaimu, akageuka kukemea watu wa kamba.

Bruno aliyasikia hayo. Lakini kengele ilikuwa inainuliwa, na mtu mmoja alikuwa amekosea kufunga fundo, kwa hiyo alikwenda kusaidia.

Katika Kindu nzima hapakuwa na nyumba iliyojaa kama kanisa lile. Jumapili asubuhi Bruno alipiga ngoma, na askari wa posta, yaani kituo cha Serikali, walipita katika vijumba wakigonga milango kwa vitako vya bunduki. Aliyekwenda misa alipata kipimo cha chumvi. Asiyekwenda alijikuta wiki ile amepewa mzigo. Mkuu wa posta ndiye aliyepanga hivyo, naye ndiye aliyetoa matofali na watu wa kujenga. Padri Florentin alijua yote na hakusema kitu. Ndani, watu walijibu sala kwa sauti moja, wakapiga magoti pamoja, wakainuka pamoja. Wageni waliopita kwa mtumbwi walisifu sana. Bruno mwenyewe aliposimama mbele kuwaongoza, alikuwa anafikiri juu ya safu iliyopinda.

Jioni moja kabla ya sherehe ya kengele, Padri na Bruno walikula wali na samaki barazani. Padri alikuwa ametoka katika homa na shingo yake ilikuwa imebaki kama ya kuku.

"Bruno," alisema, "wale watu wanapojibu, wanamsemesha nani?"

"Wanamsemesha Mungu, Padri."

"Una hakika?"

Bruno alifikiri. "Wanajibu vizuri. Hawakosei."

"Najua hawakosei. Mimi pia sikosei." Padri alisukuma sahani yake. "Jana nilivua mavazi baada ya misa, nikashindwa kukumbuka kama nimeshaisoma. Ilibidi nitazame kikombe kama kimelowa."

Bruno aliondoa vyombo. Nyumbani alimkuta mkewe, Émilienne, anamalizia kushona vazi jeupe la hariri. Lilikuwa la kengele. Padri alikuwa ameeleza kwamba kengele hubatizwa: huoshwa kwa maji ya baraka, hupakwa mafuta matakatifu, hupewa jina na wazazi wa ubatizo, na huvikwa nguo nyeupe kama mtoto.

"Nguo yangu ya arusi haikuwa nzuri hivi," alisema Émilienne, akakata uzi kwa meno. "Yule mama wa Waungwana bado anakaa pale mtoni. Anapika palepale, analala kwa Wagenya. Bulaimu hajamwambia?"

"Kumwambia nini?"

Émilienne alimtazama mumewe mpaka akainamisha macho.

Siku ya sherehe ilikuwa Jumapili ya jua kali. Kengele ilining'inia chini ya boriti iliyolazwa juu ya nguzo mbili, mbele ya altare, mdomo wake usawa wa kiuno cha mtu. Mkuu wa posta aliketi kwenye kiti cha peke yake na upanga wake magotini. Yeye ndiye aliyekuwa baba wa ubatizo. Askari walisimama mlangoni. Kanisa lilijaa mpaka nje, na wapagazi walioibeba kengele waliwekwa nyuma kabisa, karibu na ukuta, Bulaimu akiwa kati yao.

Padri Florentin aliiosha kengele kwa maji ya baraka, na maji yalitiririka sakafuni. Aliipaka mafuta nje na ndani. Aliuliza jina lake. Mkuu wa posta alisimama, akasema kwa sauti ya amri kwamba jina lake ni Élisabeth, kama yule bibi aliyeitoa. Watu wakaitika amina, sauti moja, bila kukosea. Émilienne akaja na nguo nyeupe, akaivika kengele, akafunga utepe juu.

Ndipo Hawa alipoingia.

Askari wa mlangoni hawakumzuia, na baadaye hata mmoja wao hakuweza kueleza kwa nini. Alivua viatu vyake kizingitini, akaviweka pamoja kando ya ukuta, kama alivyozoea kufanya kwenye nyumba ya sala ya watu wake. Katika kanisa lile hakuna aliyewahi kuvua chochote. Alitembea katikati ya watu taratibu, miguu mitupu juu ya matofali, na Bruno akatoka kumpokea ili amrudishe.

"Mama, hapa si kwenu."

"Najua, Bwana. Sikuja kukaa. Niko na neno moja tu ya kuuliza."

Akampita. Alisimama mbele ya Padri, akainamisha kichwa kwa heshima.

"Bwana Padri, mimi njo Hawa, bibi ya Zuberi. Nilikuwa pale inje, nikasikia mumeipa hii chuma jina."

"Ndiyo, mama," alisema Padri.

"Bwana yangu aliibeba toka Kabambare. Naye alikuwa na jina. Njiani kule, nani aliita jina yake?"

Padri aligeuka kumtazama Bruno, na Bruno akatazama nyuma, kule walikokuwa wapagazi. Watu wote wakageuka pia. Bulaimu alisimama polepole. Sauti yake ya kukauka ilikuwa imepungua, lakini kanisa lilikuwa kimya na kila mtu alisikia.

"Alikufa, mama. Kwenye kivuko cha Elila. Ukingo ulikuwa na utelezi, lile gogo la kubebea kengele likamuangukia kifuani. Hakukawia. Tulimufunika na udongo na majani. Nilitaka tusimame kidogo tumuombee, wale wa bunduki wakakataa. Nilishindwa kukuambia pale mtoni."

Hawa hakulia. Alisimama kama mtu anayesikiliza kitu cha mbali. Kisha akanyoosha mkono, akaisogeza ile nguo ya hariri pembeni, akaweka kiganja juu ya shaba mahali mafuta yalipokuwa bado yanang'aa. Bruno, aliyekuwa karibu, aliona boriti inatikisika, akashika kengele upande wa pili isije ikamwumiza. Hawa akalaza shavu lake pale, mdomo wake ukiwa karibu kugusa shaba.

"Zuberi," alisema.

Kengele ikaitika.

Haikuwa mlio. Ilikuwa mvumo mdogo, wa chini sana, kama nyuki walio ndani ya mti, ulioanza kabla neno halijaisha na ukabaki baada yake. Bruno aliusikia kwa mkono kabla ya sikio. Ulimpanda mpaka kwenye kiwiko. Waliokuwa mbele waliusikia. Waliokuwa nyuma hawakuusikia, ila waliona nyuso za waliousikia, na hiyo iliwatosha.

Hawa aliinuka, akafungua viganja vyake mbele ya kifua. Alisoma kwanza kwa Kiarabu, kwa sauti ndogo, bila haraka. Kisha akasema kwa lugha ambayo wote waliielewa.

"Ee Mola, muntu wako alikuja kwako peke yake. Hakuna aliyemufumba macho. Umufumbe Wewe. Mabega yake ilichoka. Umupokee."

Akapitisha viganja usoni. Ndani ya kanisa, watu wengi namna ile, hapakuwa na aliyekohoa. Mto ulisikika. Bruno alikuwa ameongoza sala mahali pale Jumapili zote tangu paa liezekwe, na hakuwahi kujua kwamba mto unasikika kutoka ndani.

Kitu kilikuwa kimeingia humo. Hakuweza kukitafutia neno, ingawa alijua maneno mengi. Aliogopa, na hakutaka kuogopa kule kuishe. Alihisi kwamba kama angegeuka ghafla kuelekea altare angemkuta mtu amesimama pale, na kwamba mtu huyo alikuwa anamsikiliza Hawa tangu alipovua viatu.

Mwanamke mzee wa Kirega kutoka upande wa Pangi akatoka katika safu yake. Bruno alimfahamu vizuri. Ndiye aliyejibu kwa nguvu kuliko wote kila Jumapili, na ndiye aliyekuwa wa kwanza kwenye chumvi. Alikuja mpaka kwenye kengele, akaweka mkono pale alipouweka Hawa, akasogeza mdomo karibu.

"Kikuni," alisema. "Mutoto yangu."

Na shaba ikavuma. Yule mzee akashtuka, akarudia lile jina, na mara ya pili machozi yakaanza kumtoka. Akasema maneno mengi kwa Kirega, si ya katekisimu, maneno ya mtu anayezungumza na mwingine aliye mbele yake. Akaja mpagazi mwenye kidonda begani, akataja jina la Amuri, ndugu yake. Akaja mwingine. Hakuna aliyewapanga. Hawakusukumana. Waliongojea walipiga magoti popote walipokuwa, wengine wakielekea altare, wengine mlango, wengine ukuta, na safu ambazo Bruno alizinyoosha kwa miaka zilivunjika zote.

Mkuu wa posta alisimama. Alisema kwa Kifaransa, bila kupandisha sauti, kwamba hili lazima likome mara moja. Padri Florentin alimtazama kama mtu aliyeamshwa usingizini. Kisha akapiga magoti. Mavazi yake ya dhahabu yalilowa katika maji ya baraka yaliyomwagika, naye hakuyainua. Mkuu wa posta akawaambia askari wawatoe watu. Askari walitazama chini na hawakusogea. Akachukua kofia yake akatoka, na hatua zake zilisikika mpaka nje, halafu mto ukasikika tena.

Bruno alikuwa bado ameshika kengele. Kila jina lililotajwa lilipita mkononi mwake. Walipokwisha wote alibaki yeye, na alijua kwamba yeye pia anataka kusema jina. Alisogeza mdomo karibu na shaba. Siku ile walipochukuliwa, mama yake alikuwa nyuma yake katika mnyororo, kisha asubuhi moja hakuwepo. Bruno alikuwa mdogo. Alitafuta jina la mama yake, akarudi nyuma kadiri alivyoweza, akapita misioni, akapita ziwa, akapita njia, na hakulipata. Hakuwahi kulijua. Mtoto hamwiti mama yake kwa jina.

"Mama," alisema.

Ikaitika vilevile, wala haikupungua. Alipoangalia, Hawa alikuwa amemshika bega kwa mkono uliokuwa na mafuta.

Misa iliendelea baada ya muda mrefu. Padri aliisoma polepole sana, na mara nyingine alisimama katikati ya neno, amefumba macho, mpaka watu wakadhani amesahau. Hakuwa amesahau. Ilipofika zamu yao kujibu, walijibu kwa sauti ndogo, mmoja mapema, mwingine kwa kuchelewa. Hakuna aliyebaki kungojea chumvi.

Jumapili iliyofuata Padri alimwambia Bruno asipige ngoma. Alikwenda mwenyewe posta, akamwambia mkuu kwamba kuanzia sasa askari wasigonge mlango wa mtu kwa jina la Mungu. Walizungumza kwa muda, na Padri alirudi mwekundu usoni. Matofali ambayo mkuu wa posta aliahidi kwa nyumba ya masista hayakuja tena. Kanisa, lililozoea kufurika, lilipata watu wachache waliokaa karibu karibu mbele: yule mzee wa Pangi, wapagazi kadhaa, Émilienne, mwanamke mmoja na mtoto wake mgonjwa. Bruno aliona haya alipowatazama, kisha alipoanza sala haya ikaondoka. Ilikuwa kama kuzungumza chumbani na watu unaowajua.

Kabla mvua hazijarudi, Hawa alikuja misioni, akasimama uani.

"Niko nakwenda Elila," alisema. "Bulaimu amekubali kunionyesha pahali. Nimepita kuaga, na kumuambia Bwana Padri asante, kwa sababu hakunifukuza."

"Mama Hawa," alisema Bruno, "ungeniruhusu nifuatane nanyi?"

Hawa alimtazama, kanzu yake na viatu vyake. "Kufanya nini?"

"Sijui bado."

"Basi tubebe jembe mbili."

Walivuka mto, wakaingia njia ya msituni iliyolimwa na miguu ya wapagazi. Bulaimu alitangulia. Palikuwa na joto la chini ya miti, na vipepeo weupe kwenye matope. Walipofika kivukoni, Bulaimu alisimama chini ya mti ambao gome lake lilichunwa na kamba za mzigo, akaonyesha kwa kidole. Majani waliyomfunika nayo Zuberi yalikuwa yameoza na udongo ulikuwa umeshuka katikati.

Walilima, wakaongeza udongo, wakaupiga kwa mikono mpaka ukashikana. Hawa aliokota mawe ya mtoni, akayapanga pembeni. Kisha alisimama, akafungua viganja, akasoma, na Bulaimu aliyekuwa pembeni akaitikia amini kwa sauti iliyokatika. Alipomaliza alimgeukia Bruno.

"Na wewe, Bwana. Umekuja mbali."

Bruno alivua viatu. Alipiga magoti kwenye ule udongo mbichi, akaanza Baba Yetu, sala aliyoifundisha kwa watu wengi, ambayo angeweza kuisema amelala. Alisema neno la kwanza na la pili. Hapo akakwama. Alikuwa amemwita Mtu, na alijua kwamba Mtu huyo amegeuka kumtazama. Maji ya Elila yalikuwa yanapita. Mdomo wake ulibaki wazi na machozi yakashuka mpaka kidevuni, naye hakuthubutu kuinua mkono kuyafuta.

Hawa alimngoja. Hakuwa na haraka. Mwishowe alikaa chini kando ya kaburi la mumewe, akakunja miguu.

"Maliza," alimwambia taratibu. "Niko nasikiliza."

Akaendelea, neno moja baada ya lingine, akipumzika kati yake. Jua lilikuwa linainama alipofika mwisho, na Bulaimu alikuwa amekwisha kuwasha moto wa kupikia.